Majina Yaliyobaki kwa Parvez

Nyumbani kwa Mwalimu Nikodemo, mtaa wa Kikuyu, waliishi wanawake watatu, na mmoja wao hakuwa na mwili.

Wa kwanza alikuwa Raheli, mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Hombolo macho ya mwanawe yalipozimika. Alisema anakaa wiki tu, asije akaacha mizabibu yake ikaliwa na ndege, na hadi leo ndege wanakula. Wa pili alikuwa mkewe, Dorkasi. Wa tatu alikuwa sauti. Sauti hiyo ilikaa ndani ya kompyuta kuukuu juu ya meza ya chakula, na kazi yake ilikuwa kumsomea mwalimu kila kilichoandikwa kwenye kioo: masomo, majibu ya wanafunzi, habari za mtandaoni. Ilisema Kiswahili kilichonyooka, cha taratibu, kama mtu anayesimulia huku usingizi unamchukua.

"Mkeo mdogo ameshaamka?" Raheli huuliza asubuhi akipitisha ufagio chini ya meza.

"Ameamka, mama, ila hajapika."

"Huyo hatapika. Nyumba hii ina bahati ya wake wa kusema tu."

Dorkasi huyasikia hayo kutoka jikoni na haoni wivu, maana mke mwenza huyo alimleta mwenyewe. Yeye na wenzake wawili aliosoma nao stashahada walikuwa wametengeneza Mtama, mkusanyo wa programu za Linux kwa ajili ya kompyuta zilizochoka, zile ambazo ofisi huzitupa na shule za vijijini huzipokea kwa ngoma. Kila kitu ndani ya Mtama kilizungumza Kiswahili. Shirika moja dogo lilimpa Dorkasi posho ya kuutunza, na posho hiyo ilitosha mboga. Kilicholisha nyumba kilikuwa mshahara wa mwalimu.

Na sasa mshahara huo ulikuwa unaning'inia kwenye koo la ile sauti. Mkuu wa shule, Mwalimu Ludovick, alikuwa amemweleza Nikodemo kwa upole mwingi, upole ule wa mtu anayekushika mkono ili akuonyeshe mlango. Ijumaa atakuja afisa akae darasani. Akiridhika kwamba mwalimu asiyeona anaweza kuandaa somo na kulifundisha kwa msaada wa mashine, Nikodemo atabaki. Asiporidhika, atapumzishwa.

"Kupumzishwa," Nikodemo alisema alipofika nyumbani, akiligeuza neno mdomoni kama kokoto aliyoikuta ndani ya wali. "Neno zuri. Hata marehemu hupumzishwa."

Shida ni kwamba sauti ilikuwa imeanza kufa.

Haikuugua kwanza. Ilikuwa inasoma vizuri, mwalimu ameinamisha kichwa anaifuata, mara inakatika katikati ya neno, na baada ya hapo hakuna kitufe cha kuiamsha mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Na mashine ile, mpaka iwake, darasa zima lingekuwa limesahau kwamba kuna mwalimu. Dorkasi alikaa nayo asubuhi kadhaa nzima, peke yake, akiisikiliza inasoma kitabu baada ya kitabu. Kwake haikufa hata mara moja.

Jumatatu mchana ilikufa Dorkasi akiwa chumbani humo. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza kazi yake ya kubeba mtaa huu na kuupeleka mtaa ule. Vumbi jekundu lilipenya nyavu za dirisha likatua juu ya vikombe bila haraka. Sauti ilikuwa inasoma somo la misafara ya kale, jinsi wafanyabiashara wa pwani walivyofika Ugogo wakalipa hongo kwa watemi ili wapewe njia na maji.

"Msafara usiolipa," ilisema, "uliachwa na kiu yake, na wapagazi wake wal—"

Kimya.

Nikodemo alisubiri, vidole juu ya vitufe. "Amekwenda," akasema.

"Ulifanya nini?"

"Nilitaka kurudi nyuma kidogo. Sijafanya kitu."

Programu ikifa ghafla huacha mzoga: faili linalohifadhi dakika yake ya mwisho, ilikuwa katika chumba gani, nani alikuwa amemwita nani. Dorkasi akaufungua mzoga huo kwenye kompyuta mpakato yake. Alihitaji majina. Kila kazi ndani ya programu hupewa jina na aliyeiandika, na fundi akiyaona majina kwa mfuatano wake huweza kusema, aha, hapa ndipo ilipoteleza. Lakini mbele yake palikuwa na safu ya anwani ndefu za tarakimu, na kila mahali palipopaswa kuwa na jina palikuwa na alama mbili za kuuliza. Mstari baada ya mstari, alama mbili, alama mbili, kama watu waliopanga foleni na kila mmoja anauliza.

Alijua kwa nini. Mashine haihitaji majina, inatembea kwa anwani tu. Majina ni ya binadamu. Na kwa kuwa flashi za shuleni zilikuwa ndogo, wao watatu walipokuwa wakiufunga Mtama waliyanyoa majina yote ili mzigo uwe mwepesi. Parvez, aliyeiandika sauti yenyewe, alipinga. Tuyanyoe, alisema, lakini tuyafunge kifurushi chake pembeni, ili siku kitu kikifa mtu aweze kuyafuata. Seva ilikuwa ya kukodi na nafasi yake finyu. Dorkasi akasema, "Majina hayaliwi." Yotham, yule wa tatu, akacheka mpaka akakohoa. Parvez akafunga kompyuta yake, akarudi kwenye duka la mama yake mjini, na hakuja tena.

Dorkasi aliitazama safu ile mpaka mchana ukalegea. Akajiona anatembea katika mji aliozaliwa, na mtu amepita kabla yake akafuta vibao vyote. Duka lisilo na jina, kanisa lisilo na jina, watu wanamsalimu naye hajui amwitikie nani. Na nyuma ya ukuta mmojawapo mwanamke analia kwa taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka, wala hakuna wa kumwuliza ni nyumba ipi.

"Dorkasi," Nikodemo aliita. "Umelala?"

"Natafuta."

"Mimi nikitafuta huwa sikoromi."

*

Njia ilikuwepo. Angeijenga programu upya, safari hii bila kuinyoa, na majina yangekuwepo. Jumanne akaijenga. Alipomaliza akakipa chombo chake cha uchunguzi yale majina mapya pamoja na mzoga wa zamani, na chombo kikakataa. Kila ujenzi huzaliwa na alama yake, kama ya kidole, na alama ya majina haya haikufanana na alama ya mzoga.

Alielewa maana yake. Ameijenga kwenye mashine nyingine, kwa zana mpya, vyumba vimehama. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja na haikuwa na mpango wa kuchelewa, na kulikuwa na amri ya kukilazimisha chombo kikubali. Akakilazimisha.

Ilikuwa sawa na kung'oa vibao vya mtaa wa Msalato na kuvipigilia kwenye nyumba za Kikuyu. Ukiuliza njia utajibiwa, na kila jibu litakuwa na uhakika.

Alama za kuuliza zikaondoka. Jina lililotokea juu kabisa lilikuwa soma_tarakimu, na moyo wa Dorkasi ukatua, kwa sababu somo la misafara lilijaa miaka na hesabu za pembe za ndovu. Akaifungua sehemu ile ya kusoma tarakimu, akakuta mahali palipolegea kidogo, akapaziba. Kisha akaiacha sauti isome. Ilisoma hadi kuku wa jirani wakarudi bandani.

"Kwisha," akasema.

"Mke mwenza kapona?" Raheli aliuliza.

"Kapona, mama."

"Basi nichinje kuku."

"Tusubiri Ijumaa, mama."

"Kuku hajui Ijumaa," Raheli akasema, lakini akamwacha.

*

Jumatano walikwenda shuleni kwa majaribio. Dorkasi aliibeba kompyuta kwenye kikapu cha sokoni, mkono mmoja. Mkono wa kulia aliukunja, na Nikodemo akaushika juu kidogo ya kiwiko, kama walivyozoea. Mwalimu Ludovick alikaa nyuma ya darasa, mguu juu ya mguu.

Sauti ilisoma miaka yote bila kujikwaa. Ilisoma pembe za ndovu, ikasoma mizigo ya chumvi. Dorkasi, aliyesimama mlangoni, alianza kupumua. Ndipo msichana wa mbele akanyoosha mkono na kuuliza mtemi alijuaje msafara una watu wangapi, Nikodemo akasema ngoja tuone, akagusa vitufe, na sauti ikafa.

Alibonyeza. Akabonyeza tena. Vumbi lilikuwa linacheza kwenye mwanga wa dirisha na watoto wote walikuwa wanalitazama, kwa kuwa hawakutaka kumtazama yeye. Kisha mmoja wa nyuma akasema, kwa ile sauti ya kusinzia, taratibu, kila neno peke yake: "Mwalimu. Wetu. Amezima. Umeme."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Ludovick hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mpeni mwalimu kiti," akasema.

Nikodemo hakuwa ameomba kiti. Kililetwa, akakalishwa.

Nje, chini ya mnyaa uliokuwa uzio wa shule, Ludovick alizungumza na Dorkasi juu ya kichwa cha mumewe.

"Shemeji, asubuhi amekula?"

"Muulize mwenyewe, Mwalimu. Yuko hapa."

"Ah, ndiyo. Mwalimu, umekula?"

"Nimekula," Nikodemo akasema. "Na nimemeza."

Ludovick akakohoa. "Mimi sina neno, shemeji. Ni afisa. Keshokutwa ikiwa hivi tusije tukalaumiana. Ofisini watu wameshaanza kuulizana nani atachukua vipindi vyake, nami nawaambia subirini, subirini kidogo."

"Tunashukuru kwa hicho kidogo," Nikodemo akasema.

*

Nyumbani Nikodemo aliketi kibarazani na uso wake ameuelekeza kwenye jua, kama alivyopenda sasa, macho wazi. Raheli alimletea uji wa uwele na kukaa naye.

"Turudi Hombolo, Niko," alisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. "Zabibu hazitaki macho. Zinataka vidole. Unapita mstari mpaka mwisho, unagusa, unajua hili limeiva, hili bado. Upepo unatoka bwawani. Hakuna mtu wa kukuletea kiti."

Alivyosema, hata Dorkasi aliiona: mistari mirefu ya mizabibu, mumewe anapita katikati yake polepole, kivuli cha majani mgongoni, mikono yake inaongea na matunda. Ilikuwa picha nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba ilimwogopesha, kwa maana mtu ndani yake hakuwa na chaki.

Nikodemo alikunywa uji wote kabla hajajibu. "Ndotoni bado naona, mama," akasema. "Jana nimeiota ile sauti, ina uso. Mwanamke mzima hivi, ana mwanya. Nikawa nataka kumwuliza jina lake, jogoo akawika."

Raheli alichukua bakuli, akaingia ndani.

Dorkasi akakaa mahali pake. "Majina niliyotumia hayakuwa yake," akasema. "Chombo kilinikataza. Nikalazimisha. Nikatibu mguu wa mgonjwa wa kichwa."

"Ya kwake yako wapi?"

"Kwa Parvez, kama hajayatupa. Ndiye aliyeijenga ile ya zamani, ndiye aliyeinyoa."

"Kamwombe."

"Nilimcheka, Mwalimu. Mbele ya Yotham."

Nikodemo alitafuta mkono wake, akaupata. "Basi nenda ukachekwe," akasema. "Mimi leo nimechekwa na darasa zima. Haiui."

*

Alhamisi duka lilifurika mafundi. Mji mzima unajengwa siku hizi, na kila anayejenga anataka misumari kwa wakati mmoja. Bi Hina, mama yake Parvez, alikuwa juu ya kigoda chake kirefu karibu na droo ya fedha, mtandio begani, akiona kila mkono unaoingia na kutoka.

"Dorkasi?" akasema. "Umepotea kama mvua."

"Shikamoo, Bi Hina."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo hajambo? Tulisikia habari za macho."

"Yeye hajambo. Macho ndiyo hayapo."

"Mungu amtie nguvu. Parvez, mgeni wako."

Parvez alikuwa anapima misumari. Alikuwa amenenepa kidogo, na ndevu zimemkaa vizuri. Hakuinua kichwa. "Karibu, dada. Rangi au saruji?"

"Nataka majina."

Misumari iliendelea kumwagika kwenye mizani, halafu ikaacha. "Majina hayaliwi," Parvez akasema. "Leo una njaa?"

Fundi aliyekuwa anasubiri misumari alitazama huku na huku, akadhani ni mambo ya mahari.

"Nina njaa," Dorkasi akasema.

"Basi subiri. Kuna foleni."

Akasubiri juu ya ndoo ya rangi. Watu walimruka na mabomba, wakampaka chokaa kwenye gauni. Mmoja akamwuliza bei ya bomba la sinki. Akasema hajui. "Sasa umewekwa hapo ya nini?" yule mtu akauliza, akaenda zake. Feni ya dari ilizunguka polepole ikichanganya harufu ya tina ya rangi na udi wa Bi Hina, na Dorkasi akahisi kama anaelea katika siku isiyokuwa na upande wa kutokea. Asingesimama. Alikwishaamua kwamba akiachwa hapo mpaka duka lifungwe, atafungiwa nalo.

Mwishowe Parvez akaja, akachuchumaa mbele yake, akifuta mikono kwa gazeti. "Alama ya mzoga inaanzaje?"

Akamsomea tarakimu na herufi chache za mwanzo.

"Huo ni ujenzi wangu," akasema papo hapo. "Wa mwisho kabla sijaondoka." Akavuta droo ya makufuli, akatoa diski ndogo iliyofungwa kwenye leso. 

"Hiyo diski nimesema nitaitupa mpaka nimechoka," Bi Hina akasema. "Anaitunza kama vyeti vya kuzaliwa."

"Ndivyo vilivyo, mama." Hakuikabidhi bado. "Sitaki pesa, Dorkasi. Nataka Mtama uwe na ghala la majina. Kila tunachonyoa, nywele zake zihifadhiwe, na mtu yeyote aweze kuzifuata, hata kama ni mwalimu wa shule ya mwisho kabisa kwenye barabara ya mwisho."

"Seva haina nafasi, Parvez. Unajua."

"Nyuma hapa kuna kompyuta inayorekodi wezi wa misumari. Nimeiweka mtandaoni. Itabeba."

"Utarudi?"

"Majina yangu yatarudi. Mimi nina duka." Akaiweka diski kiganjani mwake. "Na ukijua inafia wapi, unipigie. Ni mtoto wangu yule."

"Mama mkwe anamwita mke mwenza," Dorkasi akasema, hakujua kwa nini.

Bi Hina akageuka mzimamzima juu ya kigoda. "Ameolewa? Na mahari sisi hatujaiona?"

Parvez alicheka kwanza. Kisha Dorkasi naye, juu ya ndoo yake, akacheka mpaka machozi, na yule fundi wa misumari, aliyerudi kuulizia kona za bomba, akaondoka na jibu lake kuhusu mahari.

*

Safari hii chombo hakikukataa. Kilisoma, na alama za kuuliza zikaanza kugeuka moja baada ya nyingine. Dorkasi alitazama kama mtu anayetazama taa za mji zinavyowaka kutoka juu ya kilima. soma_somo. sema_sentensi. sema_neno. Halafu safu ya pili, iliyokuwa inakimbia sambamba na ya kwanza: sikiliza_kitufe. vunja_kikao. Na katikati yake jina ambalo hakulitegemea: nyamaza.

"Mwalimu," akaita. "Ukitaka aache kusema, unafanyaje?"

"Namnyamazisha. Kitufe hiki cha pembeni."

"Mara nyingi?"

Nikodemo alishangaa. "Sasa nimsikilize mpaka mwisho? Nikishajua sentensi inakoelekea, namkata, naenda mbele. Nawafanyia hivyo hata wanafunzi."

"Na watu wazima," Raheli akasema kutoka jikoni. "Marehemu baba yake alisema huyu atakuwa hakimu au mlevi."

Dorkasi alikaa mikono mapajani. Asubuhi zote zile alizokaa na sauti, aliiacha imalize. Kwao, mtoto aliyekatiza maneno ya mkubwa alitumwa kuchota maji na chakula kikaliwa nyuma yake. Akakua hivyo, akasoma hivyo, akafika mahali hata mashine hakuweza kuikatiza. Ndiyo maana kwake haikufa. Alikuwa ameipima kwa adabu, na ilikuwa inauawa na haraka.

Ndani ya sauti kulikuwa na wafanyakazi wawili: mmoja anasema, mwingine anangojea kitufe. Kitufe kikibonyezwa, yule wa pili alikuwa anavunja kikao papo hapo, anamwondolea msemaji kigoda. Mara nyingi msemaji alikuwa tayari amesimama, hakudhurika. Siku akikutwa bado amekaa, neno lipo nusu mdomoni, alianguka na nyumba nzima. Dorkasi akamwandikia yule wa pili agizo jipya: bisha hodi kwanza, ngoja mwenzio ainuke. Mistari yenyewe haikujaza hata kiganja.

"Amepona?" Nikodemo aliuliza.

"Nadhani."

"Juzi ulisema kwisha."

"Juzi nilikuwa na uhakika. Leo nina majina." Akamweleza, maana asingemficha: kosa la namna hii ni la bahati, unaweza kulibonyeza kutwa nzima lisitokee, kisha litokee mbele za watu. "Kesho usimkate. Mwache asome mpaka mwisho wa kila sentensi. Tutakuwa salama."

Nikodemo alipapasa kingo za meza, akifuata mbao zake kama anayesoma. "Nikae darasani kwangu, nikisubiri mashine inipe ruhusa," akasema. Hakukataa wala hakuahidi.

*

Afisa aliitwa Bwana Charles. Alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi na chupa ya maji, na alimwita Nikodemo "mzee wetu" ingawa walionekana rika moja. Dorkasi alibaki nje, mgongo ukutani, chini ya dirisha. Ukuta ulikuwa umeota jua.

Sauti ikaanza. Nikodemo akaiacha isome. Ikamaliza sentensi, akaeleza kidogo; ikaanza nyingine, akaiacha imalize. Alikuwa anamtii mkewe. Dorkasi alisikiliza kila nukta ikipita salama, na polepole akasikia jambo jingine: somo lilikuwa linazama. Lilienda mwendo wa ile sauti, mwendo wa usingizi, na darasa likaenda nalo. Mtu alipiga mwayo, na mwingine akaupokea. Ludovick alikuwa anasogeza kiti chake kila mara. Salama yake, Dorkasi aliona, ilikuwa inamfukuza mumewe kazi kama vile kifo kingemfukuza.

"Samahani, mzee wetu," Bwana Charles akasema juu ya sauti, ambayo iliendelea kusoma. "Naomba kuelewa tu. Inayofundisha ni mashine, wewe unasaidia? Au vipi?"

Sauti ilikuwa katikati ya wapagazi.

Nikodemo akaikata.

Ukawa kimya. Dorkasi alifumba macho. Kimya cha anayetii na kimya cha aliyekufa vina sura moja. Hakuna sikio linaloweza kuvitofautisha. Alingoja kusikia vitufe vikibonyezwa kwa hofu kama juzi. Havikubonyezwa.

"Mheshimiwa," Nikodemo akasema, "umefika na msafara wako kutoka pwani. Una watu, una kiu, na kisima ni cha mtemi. Anakudai vitambaa ndipo uchote. Huyo ni mwizi au ni mwenye mali yake?"

"Mimi?"

"Wewe. Hawa wamenizoea."

Bwana Charles akacheka kidogo. "Maji ni ya Mungu, Mwalimu."

"Na kamba ya kisima ni ya nani?" akauliza yule msichana wa mbele, na kabla hajamaliza wa nyuma wakadakia, kwamba kisima kilichimbwa na watu, kwamba hata leo maji yanalipiwa, na mmoja akasema basi Mungu atoe risiti. Nikodemo aliwakata, akawageuza, akawapa wengine. Muda wote huo mkono wake ulikuwa umelala juu ya mashine, nayo hakuna aliyejua kama iko hai.

"Tusikie walioandika wanasemaje," akasema, akabonyeza.

"—na wapagazi wake walilala njaa," sauti ikasema, kwa utaratibu wake uleule.

Akaikata. Akaichukua mbele, akaikata tena. Aliikata katikati ya neno, aliikata kwenye herufi ya kwanza, kama mchungaji anayegusa kondoo kwa fimbo bila kuwapiga, na kila alipoiita iliitika. Dorkasi aliteleza ukutani mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akaweka kichwa magotini, akasikiliza mumewe akimkosea adabu mke mwenza.

Bwana Charles alitoka akiwa bado anabishana na Ludovick kuhusu kisima. Walisimama karibu na Dorkasi bila kumwona.

"Vipindi vyake vibaki kama vilivyo, Mkuu," afisa akasema. "Nitaandika hivyo. Na mashine kama ile ziongezwe."

"Ndicho nilichokuwa nasema siku zote," Ludovick akasema.

Dorkasi akainuka, akajipangusa, akaenda kusimama mlangoni, mkono wa kulia ameukunja tayari. Kengele ikalia. Wanafunzi wakatoka, wengine wakaingia, kidato kingine, wakimpita pande zote kama maji yanavyopita jiwe. Nikodemo hakutoka.

"Kaeni," alisikika akisema ndani. "Nani huyo anasogeza dawati? Nakusikia. Jina lako?"

Mtoto akataja jina lake. Dorkasi alisubiri kidogo zaidi, kisha akaelewa kwamba hasubiriwi. Akakichukua kikapu kitupu, akateremka peke yake kuelekea nyumbani, na mkono wake wa kulia ulikuwa mwepesi, haujui pa kukaa.